Kinga Nyingi, Dalili Moja: Historia ya Kutafuta Hitilafu za Umeme katika Viyoyozi vya Magari Makuukuu, Gitega na Muyinga

Gari likifikishwa gereji kwa sababu kiyoyozi chake hakitoi baridi, jambo la kwanza linalofanywa mara nyingi ni kuongeza gesi. Gesi isiposaidia, lawama huhamia kwenye kompresa, na mwenye gari huambiwa atafute nyingine. Umeme hukumbukwa mwisho, wakati pesa zimekwisha kutumika. Insha hii inajadili chanzo cha tatizo hilo kwa njia ya historia. Hoja yake ni kwamba umeme wa kiyoyozi cha gari haukubuniwa siku moja. Ulijengwa kwa awamu, na kila awamu iliongeza kinga mpya. Kila kinga ni swichi inayoweza kukata umeme, na yoyote ikikata, dalili anayoiona dereva ni ileile: hewa ya joto. Kwa hiyo fundi anayejua kinga hizo ziliingiaje ana ramani ya kutafutia hitilafu.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini tujadili kiyoyozi katika mji wa Gitega, ulio kwenye mwinuko wa takribani mita 1,500, ambako usiku watu huvaa sweta. Jibu lipo barabarani. Tangu Gitega ilipotangazwa kuwa makao makuu ya kisiasa Desemba 2018, safari za kwenda na kurudi Bujumbura ni sehemu ya kazi za watu wengi. Barabara hiyo hupitia Muramvya na kupanda hadi Bugarama, zaidi ya mita 2,000, penye ukungu na mvua, kisha huteremka kwa kona kali hadi kando ya Ziwa Tanganyika, chini ya mita 800. Kiyoyozi hupoza hewa na pia huikausha. Vioo vikifunikwa na mvuke kwa ndani wakati wa mvua, hewa kavu ndiyo inayovisafisha haraka. Dereva anayefuta kioo kwa kitambaa huku akiteremka Bugarama nyuma ya lori la mizigo hakitaki kiyoyozi kwa starehe. Anataka kuona mbele.

Muyinga ina nafasi yake katika historia hii. Ni eneo la mpakani, na kituo cha Kobero ni mlango wa bidhaa nyingi zinazotoka bandari ya Dar es Salaam, yakiwemo magari yaliyotumika Japani. Mengi kati ya hayo ni Toyota Corolla za miaka ya 1990, zile tunazoziita TI. Yana usukani wa kulia katika nchi inayoendesha upande wa kulia, na maandishi kwenye mfuniko wa sanduku la fyuzi ni ya Kijapani. Ugumu wa fundi huanzia hapo.

Turudi mwanzo. Kampuni ya Packard ya Marekani ilitangaza kiyoyozi cha kiwandani mwaka 1939. Kompresa yake haikuwa na klachi, hivyo ilizunguka muda wote injini ilipowaka. Aliyetaka kuizima kabisa alilazimika kuzima injini, kufungua boneti na kuutoa mkanda kwa mkono. Ulikuwa usumbufu mkubwa, lakini kwa upande wa utafutaji wa hitilafu mambo yalikuwa mepesi: mkanda ukiwepo, kompresa inazunguka. Umeme ulihusika na feni tu.

Mwaka 1954 kampuni ya Nash iliweka vifaa vyote vya kiyoyozi sehemu ya mbele ya gari, na katika miaka hiyo ya 1950 klachi ya sumaku ilianza kutumika. Klachi hii ni koili ya waya wa shaba. Umeme ukipita, koili huwa sumaku, huvuta bamba la chuma, na kompresa huanza kuzunguka pamoja na mkanda. Dereva sasa aliweza kuwasha na kuzima kwa kitufe. Hapo ndipo swali la fundi lilipobadilika. Kompresa nzima kabisa iliweza kusimama kwa sababu tu umeme haukuifikia.

Baadaye kinga ziliongezeka. Kihisio cha joto kiliwekwa kwenye evaporeta ili isigande barafu. Rilei iliwekwa ili swichi ndogo ya dashibodi isibebe mkondo mkubwa. Swichi ya presha ilikata umeme gesi ilipopungua mno au presha ilipozidi. Katika magari mengi ya Japani ya miaka ya 1990, kompyuta ndogo hupokea taarifa hizo zote, na kiyoyozi hakikubali kuwaka kama feni ya ndani haijawashwa. Umeme unaotoka kwenye betri kwenda kwenye koili hutegemea ruhusa ya vifaa hivyo vyote.

Wakati huohuo gesi nayo ilibadilika. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ulianza kuondoa gesi zinazoharibu tabaka la ozoni, ikiwemo R12 iliyotumika katika magari. Kati ya mwaka 1992 na 1994 hivi, viwanda vilihamia R134a. Hiyo haiharibu ozoni lakini huongeza joto duniani, na Oktoba 2016 mataifa yalikutana kwa jirani zetu, Kigali, yakakubaliana kupunguza gesi za aina hiyo. Kuongeza gesi bila kupima, kwenye mfumo unaovuja, ni hasara kwa mwenye gari na pia kwa hewa yetu sote.

Sasa tuitumie historia hii kama ramani. Fundi huwasha injini, huwasha feni, hubonyeza kitufe na kusikiliza klachi ikigonga. Isipogonga, hupima umeme kwenye waya wa klachi. Kama umefika, kosa lipo mbele: koili, uwazi wa klachi, au muunganiko wa hasi kwenye bodi. Koili nzima huwa na ukinzani wa omu 3 hadi 4 hivi. Kama umeme haujafika, anarudi nyuma hatua kwa hatua: rilei, fyuzi, swichi ya presha, kihisio, kitufe. Swichi ya presha ikiwa imekata, hapo ndipo gesi hupimwa, kwa kuwa sasa kuna sababu.

Hitilafu ngumu zaidi ni ile inayokuja na kuondoka. Gari linapoza vizuri asubuhi, kisha baada ya nusu saa hewa inakuwa ya joto. Shaba ikipanda kutoka nyuzi 20 hadi 100, ukinzani wake huongezeka kwa karibu theluthi moja. Koili ya omu 3.6 hufikia omu 4.7, mkondo hushuka kutoka ampea 3.7 hadi chini ya 3, na sumaku hudhoofika. Ikiwa klachi imelika na uwazi wake umepanuka, bamba halivutwi tena. Gari likipoa, hitilafu hutoweka, na fundi aliyepima likiwa baridi hataona chochote.

Vifaa vya kupimia navyo vina historia. Mita inayopima volti, ampea na omu kwa pamoja ilitoka Uingereza mwaka 1923, na leo mita za dijitali ni za bei nafuu. Hata hivyo, taa ya kujaribia, yaani balbu yenye nyaya mbili, haijapitwa na wakati. Mita ya dijitali hutumia mkondo mdogo sana, hivyo inaweza kuonyesha volti 12 hata penye kutu. Balbu inadai mkondo wa kweli, na ikiwaka kwa unyonge, tatizo limejulikana. Kwa gari la miaka 30, vifaa vyote viwili vinahitajika.

Njia ya mkato ni kuiruka swichi ya presha kwa kipande cha waya. Baridi inaweza kurudi kwa muda. Lakini mafuta ya kulainisha kompresa husafirishwa na gesi. Gesi ikiwa kidogo, kompresa hukauka na kuungua. Kinga iliyodhaniwa kuwa ubovu ndiyo iliyokuwa ikiilinda.

Mwisho, kuna suala la lugha. Kiswahili kilifika Gitega na askari na wafanyabiashara, na Wajerumani walianzisha kituo chao hapo mwaka 1912. Leo fundi aliyesomea shuleni husema «embrayage», aliyefanya kazi Tanzania husema «klachi», na gari lenyewe limeandikwa Kijapani. Kijana anayejifunza ufundi hupokea maarifa haya kwa mdomo, nusunusu, na mara nyingi hupokea hatua bila sababu: ongeza gesi, badilisha kompresa. Sisi tunaosoma Kiswahili tunaandika sana juu ya ushairi na riwaya, na ni vyema. Lakini mpangilio wa kupima umeme, kutoka klachi kurudi nyuma hadi kitufe, unatosha kwenye ukurasa mmoja wa Kiswahili uliobandikwa ukutani mwa gereji. Ukurasa huo ungemwokolea dereva wa teksi wa Muyinga bei ya kompresa ambayo haikuwa imeharibika.