Hakuna la Kufanya

Kapsoit iko kwenye barabara ya Kericho kwenda Kisumu, chai huku, chai kule. Ni nchi ya watu wanaokunywa chai ikiwa bado inaunguza. Mwaka 2016, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 kwenye orodha ya vitu vinavyoshukiwa sana kuleta saratani ya umio, ile njia ya chakula. Wengine wanashuku moshi wa jikoni, wengine mursik. Ubishi haujaisha. Kisichobishaniwa ni kwamba ugonjwa upo na hauchagui wazee: mwaka 2002, madaktari wa Hospitali ya Tenwek, Bomet, waliandika kwenye jarida la Lancet kuhusu vijana wanaougua. Vijana, yaani watu wa rika letu.

Wengi hufika hospitali wakati hata uji haupiti. Tenwek huwawekea mrija ili wameze tena, lakini mrija hauponyi. Daktari akishamaliza yake, anayebaki na mgonjwa ni nesi. Sasa huyo nesi amefundishwa nini?

Kwa miaka mingi alifundishwa kuponya. Asiyepona alikuwa kama aibu ya wadi, na kauli yake ilikuwa moja: "Hakuna la kufanya, mpelekeni nyumbani." Kuna wanaosingizia mila. Watakukumbusha kwamba A.C. Hollis, kwenye kitabu chake cha 1909, aliandika jinsi Wanandi, ndugu za Wakipsigis, walivyoacha maiti nje ichukuliwe na fisi, na kwamba waliomgusa marehemu walipaswa kutakaswa. Basi eti nesi Mkalenjin anaogopa kifo kwa damu. Mimi sikubali. London haikuwa na fisi, na bado Cicely Saunders, aliyeanza kama muuguzi wakati wa Vita vya Pili, aliona wagonjwa mahututi wakipitwa tu na madaktari. Ilibidi asomee udaktari ndipo asikizwe. Alitoa mofini kwa saa, kabla maumivu hayajarudi, na mwaka 1967 akafungua St Christopher's.

Mwaka 1991, Mmarekani Katherine Frommelt alitunga maswali 30 ya kupima nesi anavyojisikia mbele ya mtu anayekufa. Mojawapo, kwa ufupi: mgonjwa akikata roho, utatamani kukimbia? Waliopitia mafunzo yake walibadilika. Vizuri. Ila karatasi inapima moyo tu, haiulizi kabati la dawa lina nini.

Hapo ndipo Kenya inapouma. Nairobi Hospice ilianza kuhudumia watu mwaka 1990, na baadaye ikafundisha wauguzi stashahada ya huduma shufaa pamoja na chuo cha Oxford Brookes. Lakini mwaka 2010, Human Rights Watch iliripoti kwamba kati ya hospitali za umma zipatazo 250, saba tu zilikuwa na mofini ya kunywa. Hebu fikiria: umefundishwa kuketi, kumshika mtu mkono na kumuuliza, "Maumivu ni ngapi kwa kumi?" Anakujibu tisa. Halafu? Usishangae kesho yake ukizunguka kitanda chake. Huo si ukatili wala mila. Umechoka kuuliza swali ambalo huna jibu lake.

Waganda waliliona hilo mapema. Dkt. Anne Merriman, aliyekuwa amefanya kazi Nairobi Hospice, alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, mofini ikichanganywa pale pale kutoka unga na maji, kwa bei ya chini. Mwaka 2004 sheria yao ikaruhusu wauguzi waliosomea huduma shufaa kuandika mofini wenyewe. Kwangu mimi, hiyo sheria ilibadilisha mtazamo wa nesi kuliko mhadhara wowote wa huruma, kwa sababu ilimpa kazi.

Na kazi yenyewe haina maajabu. Kipimo kidogo kila baada ya saa nne. Dawa ya kulainisha choo, maana mofini hufunga tumbo. Usiku, kipimo mara mbili, mgonjwa asiamshwe na maumivu saa nane. Asubuhi nesi anarudi kitandani na kumuuliza, "Mama, ulilala?" Akisema hapana, anaongeza dawa.