Fundi redio aliyeunda gitaa: historia ya Fender na aina za magitaa yake

Mtu aliyebuni baadhi ya magitaa ya umeme yanayoigwa mno duniani hakujua kupiga gitaa. Alikuwa Mmarekani wa jimbo la California aitwaye Leo Fender, na kazi yake ilikuwa kutengeneza redio zilizoharibika.

Nimeona leo niieleze historia yake kwa urefu kidogo, na sababu zangu ni mbili. Kwanza, vijana wetu wa bendi na wa taarab huniuliza swali moja kila wapatapo gitaa la mtumba: hili lililoandikwa Squier na lile lililoandikwa Fender, yatofautiana nini? Pili, mimi nilisomea diploma ya umeme na nimekaa sana kwenye vibanda vya mafundi redio hapa Mombasa. Nimewaona watu wanavyowadharau, utadhani kazi yao ni ya waliokosa kazi. Basi na tumtazame fundi mmoja na alichokifanya.

Duka la redio mjini Fullerton

Clarence Leonidas Fender alizaliwa Agosti 10, 1909, karibu na mji wa Fullerton, kwa wazazi waliokuwa na shamba la michungwa. Alipokuwa mtoto alipoteza jicho lake la kushoto. Chuoni alisomea uhasibu, lakini moyo wake ulikuwa kwenye redio. Uchumi wa Marekani ulipoanguka miaka ya 1930 akapoteza kazi ya uhasibu, na mwaka 1938 akakopa dola 600 akafungua duka la kutengeneza redio pale Fullerton.

Wanamuziki wa mjini wakaanza kumletea amplifaya na vyombo vyao vya umeme vilivyokufa. Kwa kufungua vya wenzake kila siku, Leo akajua kila chombo huharibikia wapi na kwa nini. Mwaka 1945 yeye na mwenzake Doc Kauffman, ambaye alikuwa mwanamuziki, wakaanza kuunda yale magitaa ya kulazwa mapajani pamoja na amplifaya zake. Mwaka 1946 waliachana, na Leo akaanzisha kampuni yenye jina lake.

Tatizo kubwa la wakati ule lilikuwa hivi. Gitaa la kawaida lina tumbo wazi. Ukilitia umeme na kuongeza sauti, mtetemo wa spika hurudi ukatikisa lile tumbo, nalo gitaa likaanza kupiga yowe, kama kipaza sauti cha harusini kinapokaribia spika. Dawa yake ni gitaa lisilo na tumbo, la ubao mzima. Wako waliolijaribu wazo hilo kabla ya Leo, akiwamo mpigaji mashuhuri Les Paul. Alichokifanya Leo ni kuunda gitaa la namna hiyo ambalo kiwanda chaweza kulitoa kwa wingi na kwa bei ya mpigaji wa kawaida.

Sauti yapatikana vipi bila tumbo? Chini ya nyuzi za chuma huwekwa kidude ambacho wapigaji hukiita pikapu. Ndani yake mna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mizunguko. Uzi ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo sana huzaliwa kwenye ule waya, ukapita kwenye waya wa gitaa hadi kwenye amplifaya, ambayo huukuza mpaka usikike ukumbi mzima. Aliyewahi kufungua redio ya zamani hawezi kupata taabu kulielewa jambo hili.

Telecaster: ubao, skrubu na bisibisi

Gitaa la kwanza la ubao mzima la Fender lilitoka mwaka 1950. Lenye pikapu moja liliitwa Esquire, na lenye pikapu mbili likaitwa Broadcaster. Kampuni ya Gretsch ikalalamika kwamba ina ngoma zenye jina linalofanana na hilo, basi kwa miezi kadhaa ya mwaka 1951 magitaa yalitoka kiwandani yameandikwa Fender pekee, bila jina la aina. Kisha likapewa jina la Telecaster, kwa kuwa televisheni ndiyo iliyokuwa habari mpya ya wakati huo. Jina hilo latumika hadi leo.

Baadhi ya washindani walilicheka, wakalifananisha na kasia. Lakini tazama lilivyoundwa. Mafundi wa kale huunganisha shingo ya gitaa na mwili kwa gundi, kazi ya ustadi na ya muda. Leo aliifunga shingo kwa skrubu nne tu. Ikipinda au ikichakaa, waifungua, waweka nyingine. Swichi na vifundo vya sauti vimekaa chini ya kibati chenye skrubu mbili. Mpigaji akikwama kabla ya shughuli, fundi mwenye bisibisi na chuma cha kulehemu hulimaliza tatizo lake palepale.

Hiyo ndiyo akili ya fundi redio. Alijua kwamba kila chombo kitaharibika siku moja, akakiunda kwa kumfikiria yule atakayekifungua.

Gitaa la besi

Mwaka huohuo wa 1951 Fender walitoa Precision Bass. Kabla yake, besi ya bendi ilikuwa ni lile dude kubwa la kusimama, refu kuliko mwenye kulipiga, zito kulibeba, na katika bendi yenye kelele halisikiki. Leo akaitia besi katika umbo la gitaa. Akaiwekea na vile vyuma vidogo vya kwenye shingo ili kila sauti itoke mahali pake barabara, na ndiyo maana ya jina Precision. Paul Tutmarc wa Seattle alikwisha kuunda besi ya umeme ya namna hiyo miaka ya 1930, lakini haikuenea. Ya Fender ndiyo iliyoshika soko.

Hapa ndipo habari hii inapotugusa sisi watu wa pwani. Wapenzi wa taarab wanaikumbuka Black Star Musical Club ya Tanga, iliyoingiza magitaa ya umeme na besi katika taarab, na mwendo wa taarab ukabadilika. Mombasa nayo ilitoa Them Mushrooms, waliorekodi Jambo Bwana mwaka 1982. Gitaa la besi, liwe la kampuni yoyote, latembea njia iliyofunguliwa na Precision ya mwaka 1951.

Stratocaster na ndugu zake

Mwaka 1954 likaja Stratocaster. Wapigaji kama Bill Carson walikuwa wakilalamika kwa Leo kwamba kingo za Telecaster zinawachoma mbavuni. Leo hakubishana nao. Yeye na Freddie Tavares, mwanamuziki mzaliwa wa Hawaii aliyekuwa akifanya kazi kiwandani, wakalichonga umbo jipya lenye kingo laini na pembe mbili. Wakaliwekea pikapu tatu, na mkono wa chuma wa kuyumbisha sauti. Vifaa vyote vya umeme, isipokuwa tundu la kuchomekea waya, walivitia kwenye kibati kimoja cha mbele, ukifungua skrubu zake chote chainuka.

Jambo jingine lanifurahisha. Swichi yake ya kwanza ilikuwa na vituo vitatu tu, kimoja kwa kila pikapu. Wapigaji wakagundua kwamba wakiikwamisha katikati ya vituo, pikapu mbili hulia pamoja na kutoa sauti nyingine tamu. Mwaka 1977 kampuni ikaweka swichi ya vituo vitano. Jimi Hendrix, aliyepiga Stratocaster nyeupe kwenye tamasha la Woodstock mwaka 1969, alikuwa wa mkono wa kushoto, lakini alilichukua gitaa la mkono wa kulia akaligeuza na kupanga upya nyuzi.

Baada ya hapo zilifuata aina nyingine: Jazzmaster mwaka 1958, Jazz Bass mwaka 1960, Jaguar mwaka 1962, na Mustang mwaka 1964 kwa ajili ya wanafunzi. Aidha, amplifaya za Fender kama Bassman na Twin Reverb zilipata sifa sawa na ya magitaa yenyewe.

Kuuzwa na kukombolewa

Afya ya Leo ilidhoofika, na Januari 1965 kampuni ikauzwa kwa shirika kubwa la utangazaji la CBS kwa dola milioni 13. CBS walipanua kiwanda na kuongeza idadi ya magitaa, lakini ubora ukashuka kadiri miaka ilivyopita. Mwaka 1971 zile skrubu nne za shingo ya Stratocaster zikapunguzwa kuwa tatu, na wapigaji wengi wakalalamika kwamba shingo inacheza. Magitaa yaliyoundwa kabla ya CBS yakaanza kutafutwa kama dhahabu, na bei yake hadi leo haishikiki.

Mwaka 1985 kikundi cha wafanyakazi na wawekezaji wakiongozwa na Bill Schultz wakainunua kampuni kutoka CBS kwa dola milioni 12.5. Walichopata ni jina, michoro na baadhi ya mashine. Kiwanda cha Fullerton hakikuwamo katika mauzo. Kilichowasaidia ni kwamba tangu mwaka 1982 magitaa ya Fender yalikuwa yakiundwa pia Japani, na ya huko yalikuwa mazuri. Mwaka huohuo wa 1985 wakafungua kiwanda kipya Corona, California, na mwaka 1987 kingine Ensenada, Mexico, mwendo wa saa chache tu.

Leo mwenyewe hakukaa bure. Alifanya kazi na kampuni ya Music Man, kisha yeye na rafiki yake George Fullerton wakaanzisha G&L, akaendelea kuchora na kujaribu vifaa mpaka alipofariki Machi 21, 1991.

Ngazi za magitaa ya leo

Sasa nijibu lile swali la vijana. Telecaster na Stratocaster huundwa kwa ngazi mbalimbali, na ngazi hizo zajulikana kwa jina na kwa nchi.

Squier ni ngazi ya chini, ya wanaoanza. Awali lilikuwa jina la kampuni ya nyuzi ya Michigan ambayo Fender waliinunua mwaka 1965, na mwaka 1982 wakalifufua kwa magitaa ya bei nafuu. Siku hizi mengi huundwa Indonesia na China. Kati yake, Sonic na Affinity ni ya bei ya chini, na Classic Vibe ni bora zaidi. Squier si gitaa la bandia, ni mtoto halali wa Fender.

Ngazi ya kati ni ya Mexico, yenye majina kama Player na Vintera. Namba za mengi ya magitaa hayo kwa miaka ya karibuni huanza na herufi MX. Mpigaji wa bendi anayelipwa kwa kazi yake hahitaji zaidi ya hapo.

Ngazi ya juu ni ya Corona: American Professional, American Ultra na American Vintage, na mengi ya miaka ya karibuni namba zake huanza na US. Juu kabisa ni Custom Shop, karakana iliyoanzishwa mwaka 1987, ambako mafundi huunda magitaa kwa agizo la mteja.

Unaponunua la mtumba, usisome jina pekee. Kwa kuwa shingo hufunguka, mlaghai aweza kuitia shingo yenye jina kubwa kwenye mwili wa bei ya chini. Mwombe muuzaji ruhusa, fungua zile skrubu nne, utazame ndani mna mhuri gani na kama matundu yanalingana. Akikataa katakata, hifadhi pesa zako. Na ukishalipata, kumbuka upepo wetu wa bahari una chumvi: futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila umalizapo kupiga, na lilaze kwenye mfuko wake.

Mzazi mwenye kijana apendaye kufungua redio na simu pale nyumbani, asimgombeze. Amtafutie fundi mwema akae naye jioni, ajifunze kulehemu na kusoma mchoro wa umeme. Dola 600 za mkopo na duka la redio ndizo zilizoleta yote niliyoyaeleza hapa.