Wanaoingia Bila Hodi: Historia Fupi ya Faragha Yetu

Jioni moja mwaka juzi nilipokea ujumbe mfupi kutoka namba nisiyoijua. Ulimtaja kwa majina yake matatu binti mmoja niliyewahi kumfundisha, ukamwita tapeli aliyekopa fedha na kukimbia, na ukanitaka mimi niliye "mtu wake wa karibu" nimshauri alipe. Sikuwa nimemdhamini. Namba yangu ilikuwa katika simu yake, basi. Baadaye nilifahamu kwamba ujumbe huohuo ulimfikia baba yake mdogo, mchungaji wake, mwajiri wake na hata fundi aliyewahi kumshonea gauni. Alikuwa amekopa shilingi 80,000 kupitia programu ya simu, na siku ya kuipakua alibonyeza "kubali" bila kusoma, kama tunavyofanya wengi wetu.

Nakiri kwamba niliusoma ujumbe ule, nikaufuta na kunyamaza. Nilijiambia kuwa kunyamaza ni kumsitiri. Baada ya wiki tatu alikuja ofisini kwangu kuomba barua ya utambulisho, akaniamkia, akakaa kimya kidogo, kisha akauliza: "Dokta, na wewe ulitumiwa?" Nikamjibu ndiyo. Akainamisha kichwa, akasema, "Nilikuwa najipa moyo kwamba wewe hukutumiwa."

Makala haya ni jibu ambalo sikuwa nalo siku ile. Nayaandika kwa njia ya historia kwa sababu kila ninapogusia faragha darasani, hakosi mwanafunzi wa kuniambia kwamba faragha ni anasa ya Wazungu, na kwamba Mwafrika huishi na wenzake bila kufichana. Wapo na wanaoongeza methali: mficha uchi hazai. Dai hili hutumiwa pia na wakubwa, na kwa hiyo linastahili kupimwa.

Tuanze na hodi. Mgeni katika nyumba ya Mswahili hasukumi mlango; hubisha hodi na kungoja. Akibisha mara tatu pasipo kujibiwa, huondoka, hata kama anasikia sauti ndani, na wala hapaswi kununa. Utaratibu huu ulikuwapo katika miji yetu ya pwani kabla ya mkoloni kutuletea katiba wala sheria ya data. Lugha yenyewe inashuhudia: tuna siri, tuna faragha, tuna sitara, tuna mwandani, na kila neno lina uzito wake. Jamii isiyojua faragha isingehitaji maneno yote hayo. Hata ile methali, tukiisoma vizuri, inatuunga mkono. Mzazi humfunulia mkunga, naye hufunuliwa kwa ajili ya uzazi tu. Mkunga atakayetoka hapo akaenda kusimulia sokoni alichokiona, kijiji kizima kitamlaani. Kutoa siri kwa mtu maalumu na kwa kusudi maalumu ndiyo faragha yenyewe.

Wala wazee wetu hawakukosa njia za kusema bila kujitaja. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20, maandishi ya kanga yamemwezesha mwanamke kumpelekea jirani ujumbe mkali bila kufungua kinywa. Mlengwa anaelewa, mpita njia anaona nguo. Anayeweka kijembe katika "status" ya simu yake leo anaendeleza sanaa ya bibi yake. Magazeti nayo yalikuwa na lakabu. Mambo Leo lilipoanzishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1923, na Kwetu la Erica Fiah lilipofuata mwaka 1937, washairi na waandishi wa barua walizoea kujificha nyuma ya majina ya kubuni. Baadaye redio ikaja na watuma salamu, ambao majina yao ya utani yalijulikana nchi nzima ilhali sura zao zilijulikana na majirani tu. Anayeandika mtandaoni leo kwa jina lisilo lake hajazua jambo geni.

Hata hivyo, historia hiyohiyo inaonesha kwamba wenye mamlaka hawakuwahi kustarehe na kalamu wasiyoidhibiti. Mwaka 1958 Julius Nyerere alishtakiwa kwa kashfa ya jinai kutokana na makala aliyoyaandika katika Sauti ya TANU, akiwalaumu maofisa wa wilaya wa kikoloni. Alitozwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita, akalipa faini. Mtu angetarajia kwamba uhuru ungeizika hofu ile ya kalamu. Lakini mwaka 1962 tukatunga Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini, na mwaka 1976 Sheria ya Magazeti iliyompa waziri uwezo wa kulifungia gazeti. Haki za raia ziliingia katika Katiba yetu kwa mabadiliko ya mwaka 1984, zikaanza kudaiwa mahakamani mwaka 1988. Miongoni mwake imo Ibara ya 16, inayomhakikishia kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi, maskani yake na mawasiliano yake.

Mimi nilikuwa mtoto wakati huo, na ibara ile haikuwa imefika katika shule yangu ya bweni. Barua zetu zilikuja kwa sanduku moja la posta la shule, na mwalimu wa zamu alizifungua kabla ya kutukabidhi. Mwaka 1995 barua ya mwenzetu mmoja ilisomwa mstarini mbele ya shule nzima. Ilitoka kwa mama yake, naye alieleza kwamba baba amepoteza kazi na kwamba karo ingechelewa. Mwalimu alitaka kutufundisha nidhamu ya kulipa karo. Tulicheka, na mimi nikiwamo. Mwenzetu hakurudi muhula uliofuata. Kwa miaka mingi nilidhani ni karo iliyomzuia. Siku hizi sina hakika hiyo.

Teknolojia iliahidi kututoa huko. Haikuanza vizuri, kwa kuwa mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uagizaji wa kompyuta, na Tanzania Bara ilikaa bila televisheni hadi mwaka 1994. Lakini intaneti ilipoingia katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, vijana tulipanga foleni katika mikahawa ya intaneti, tukalipa kwa saa, na kwa mara ya kwanza tukapata sanduku la barua ambalo mwalimu wa zamu hakuwa na ufunguo wake. Aliyewahi kufungua barua pepe yake ya kwanza katika chumba chenye joto na mashine ya polepole ataelewa ninachosema.

Ufunguo huo umerudi mikononi mwa wengine hatua kwa hatua. Mwaka 2010 ilikuja Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta. Mwaka 2015 ikafuata Sheria ya Makosa ya Mtandao, iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu. Desemba 2016 Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums, alikamatwa na kushtakiwa kwa kuzuia uchunguzi. Kiini cha mvutano kilikuwa ni kutotoa taarifa za wanachama wanaoandika kwa lakabu. Kanuni za mwaka 2018 zikamtaka mwenye blogu kuomba leseni, ambayo pamoja na ada zake ilikaribia shilingi milioni 2.1, na zikaitaka mikahawa ya intaneti kufunga kamera. Mei 2019 tukaanza kusajili laini za simu kwa alama za vidole, na Januari 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa.

Nitakuwa sina haki nikisema hatua hizi zote zilitokana na hila. Wapo waliotumia lakabu kusambaza picha za utupu za wapenzi wao wa zamani, na wapo waliotapeliwa akiba yao yote kwa ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii." Dola inao wajibu wa kuwalinda watu hao. Lakini nauliza swali la mwanahistoria: nani alizidi kuonekana, na nani alibaki gizani? Raia ameacha alama za vidole, picha, namba ya kitambulisho na jina la mtaa wake. Tapeli bado ananitumia ujumbe uleule. Na mkopeshaji aliyemvua nguo mwanafunzi wangu mbele ya ukoo alituma ujumbe bila jina, bila anwani, bila sura.

Hapa ndipo historia yetu inapogeuka. Tulizoea kuihofia serikali peke yake, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na uwezo wa kufungua bahasha. Leo bahasha inafunguliwa na kampuni ambayo hatujui ofisi yake ilipo, tena kwa ridhaa tuliyoitoa kwa kidole gumba. Sheria ya kukabiliana nayo tunayo: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa aeleze kusudi lake na asilivuke. Hiyo ni kanuni ya mkunga, iliyoandikwa kwa lugha ya mawakili. Tume ya kuisimamia ipo. Mwaka 2024 Benki Kuu nayo ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijiti, na baadaye ikatangaza orodha ya programu zisizo na kibali. Hatua hizo ni njema. Kinachokosekana ni mazoea, na mazoea hayatungwi bungeni.

Kwa hiyo nasema na makundi matatu yanayonisoma.

Ndugu mtumishi wa umma, tazama kitabu cha wageni kilichoko getini kwako. Kila anayeingia huandika jina, namba ya simu na shida iliyomleta, na kila anayemfuata husoma. Tazama nakala za vitambulisho zilizorundikwa mezani, na zile ambazo upande wake wa pili umegeuzwa karatasi ya rasimu. Hapo hahitajiki mfadhili wala semina. Inahitajika kabati yenye kufuli.

Ndugu mwanaharakati, tumezoea kupaza sauti mwandishi anapokamatwa, na tuendelee. Lakini mama lishe anayedhalilishwa kwa deni la shilingi 80,000 naye amevunjiwa Ibara ya 16, na hana mtu wa kumwandikia tamko.

Ndugu mwanafunzi, picha ya mazungumzo ya faragha uliyotumiwa jana usiku, ukaisambaza katika makundi matatu kwa kicheko, ni barua iliyosomwa mstarini. Wewe ndiye uliyeisoma.

Nami nina sehemu yangu. Kusitiri nilikokudhani kulikuwa ni woga. Sitara ya kweli ingenitaka nimpigie simu binti yule jioni ileile, nimwambie nimetumiwa nini na nani, nimweleze kwamba yapo mahali pa kulalamikia, na kwamba kwangu heshima yake haijapungua. Badala yake nilimwacha wiki tatu akihesabu nani anajua na nani hajui, kila alipoitikiwa salamu. Barua yake ya utambulisho nilimwandikia siku ileile. Alihitaji simu yangu zaidi.