Mundu Uliomaliza Msitu wa Iceland

Mwanahistoria Ari Þorgilsson, aliyeandika katika karne ya 12, anasema walowezi wa kwanza waliikuta Iceland ina miti tangu milimani hadi pwani. Wataalamu wa leo hawampingi. Wanakadiria kwamba mwishoni mwa karne ya 9 misitu ilifunika robo ya nchi au zaidi, mingi ikiwa ya betula, mti mfupi wenye gome jeupe. Kufikia katikati ya karne ya 20 ilibaki takriban asilimia 1.

Wengi huzilaumu baridi na volkano, lakini volkano zilikuwako kabla ya watu, na msitu ulistahimili. Majivu yakianguka katikati ya miti, hutulia. Yakianguka mahali peupe, upepo huyapeperusha na udongo huondoka nayo. Hekla ilipolipuka mwaka 1104 na kufukia mashamba ya bonde la Þjórsárdalur, sehemu kubwa ya ngao hiyo ya miti ilikuwa imekwisha kukatwa.

Kilichoimaliza misitu ni riziki ya kila siku. Kiangazi ni kifupi, na mkulima asiyeweka akiba ya majani makavu alipoteza mifugo yake wakati wa baridi. Majani yalikatwa kwa mundu wenye mpini mrefu, na chuma chake kilikuwa laini. Ulipokuwa butu, noleo peke yake halikutosha: ilibidi bapa litiwe motoni, lipate moto sawasawa, kisha ligongwe kwa nyundo hadi makali yawe membamba tena. Moto huo ulitaka mkaa. Matawi ya betula yalipangwa shimoni, yakawashwa, yakafunikwa kwa udongo wenye nyasi ili yaungue polepole. Kazi hiyo ilirudiwa shamba kwa shamba, karne kwa karne. Visiki vilipochipua, kondoo walimaliza machipukizi.

Nafuu ililetwa na chuma bora. Mnamo miaka ya 1860, Torfi Bjarnason alileta kutoka Scotland miundu iliyonoleka kwa jiwe tu, na haja ya kuchoma mkaa ikapungua haraka. Baadaye zikaja juhudi za makusudi: misonobari ilipandwa Þingvellir mwaka 1899, msitu wa Hallormsstaður ukahifadhiwa mwaka 1905, na sheria ya misitu na udongo ikapitishwa mwaka 1907. Huko Hallormsstaður, miti ya lachi ya Siberia iliyopandwa mwaka 1938 sasa imepita urefu wa mita 20.

Hata hivyo, kurudisha ni kazi ngumu kuliko kukata. Baada ya zaidi ya karne moja ya kupanda na kulinda, misitu na vichaka vya betula pamoja na miti iliyopandwa vinafunika takriban asilimia 2 tu ya nchi. Kuizunguka Hekla, mradi wa Hekluskógar sasa unaotesha betula ileile ya zamani, ili volkano itakapolipuka tena, majivu yapate pa kutulia.