Walichimba mafuta huku wakiomba

Jumamosi ya tarehe 27 Agosti 1859, mhunzi William Smith alisimamisha kazi ya kuchimba karibu na mji wa Titusville, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Shimo lilikuwa limefika kama mita 21. Kesho yake, Jumapili, alipochungulia ndani ya bomba aliona mafuta yamepanda karibu na uso wa ardhi. Aliyemwajiri alikuwa Edwin Drake, kondakta wa zamani wa treni. Watu walimwita kanali ingawa hakuwa mwanajeshi. Waliompa mtaji ndio waliomwandikia barua kwa cheo hicho ili wenyeji wamheshimu.

Magari hayakuwapo bado. Kilichotafutwa ni mafuta ya taa, kwa kuwa mafuta ya nyangumi yalikuwa ghali na usiku ulikuwa mrefu. Habari za kisima cha Drake zilipoenea, bonde zima la Oil Creek lilivamiwa. Mafuta yalihesabiwa kuwa mali ya aliyeyafikisha juu, hata kama yalikuwa yametiririka kutoka chini ya shamba la jirani. Basi aliyesubiri alijipunja, na kila mtu alichimba mbiombio. Mwanzoni mwa 1861 pipa liliuzwa dola 10. Mwaka ulipokwisha, bei ilikuwa imeanguka hadi senti 10.

Haraka hiyo iliua. Tarehe 17 Aprili 1861 kisima kimoja kilifumuka, gesi ikashika moto, na zaidi ya watu 10 wakapoteza maisha. Mmoja wao alikuwa mwenye kisima, Henry Rouse. Alitolewa motoni akiwa ameungua vibaya, akaishi saa chache tu, na katika saa hizo aliwatamkia waliomzunguka wosia wake kifungu kwa kifungu. Sehemu kubwa ya mali yake aliiachia wilaya ya Warren, itengeneze barabara na kuwasaidia maskini. Katika habari zote za bonde lile, hii ndiyo inayonigusa zaidi. Mtu aliyekuwa akikimbilia utajiri saa ya jioni aliutoa wote kabla hakujapambazuka.

Wengine waliutafuta utajiri huohuo kwa njia ya roho. Mwaka 1866 Abraham James, aliyeamini kwamba wafu huzungumza na walio hai, alikuwa akisafiri kwa gari la farasi karibu na Pleasantville. Alisema nguvu isiyoonekana ilimkamata na kumtupa shambani, akaweka alama pale alipoangukia. Kisima chake kilitoa mafuta Februari 1868, na watu wakamiminika Pleasantville. Mji wa Pithole nao, uliozuka mwaka 1865 kwa kisima kimoja, ulikuwa na watu wapatao 15,000 kabla mwaka haujaisha. Kiwanja kimoja kilichouzwa huko dola milioni 2 kilipigwa mnada mwaka 1878 kwa dola 4 na senti 37. Kanisa la Wamethodisti, lililojengwa juu ya kilima, lilidumu miaka mingi baada ya hoteli kutoweka.

Ni rahisi kusema kwamba dini ilikuwa vazi tu la kuficha tamaa. Sikubali. Lyman Stewart, kijana wa Titusville, alikuwa ameweka akiba ya dola 125 ili awe mmisionari. Aliiingiza kwenye mafuta mwaka 1859, ikapotea. Baadaye alitajirika huko California, na fedha zake zikagharimia vitabu vya kutetea imani vilivyogawiwa bure kuanzia 1910. Mtu kama huyo hakuwa akiigiza. Aliamini kwa dhati, na hatari ilikuwa hapohapo: aliyepata mafuta aliona Mungu amemkubali, na aliyekubaliwa na Mungu hana sababu ya kujiuliza alimpunja nani.

John D. Rockefeller hakuwahi kuwa mchimbaji. Alikuwa Mbaptisti aliyeandika sadaka zake katika daftari tangu alipoanza ukarani mwaka 1855, na alifundisha shule ya Jumapili akiwa tayari tajiri. Aliamini kwamba Mungu ndiye aliyempa mali. Lakini mwaka 1872 kampuni yake ya kusafisha mafuta, Standard Oil, ilijiunga na mpango wa siri na kampuni za reli. Wanachama wangepunguziwa nauli ya mizigo yao, na juu ya hapo wangelipwa kwa kila pipa la mshindani lililosafirishwa. Wachimbaji waligundua, wakagoma kuuza mafuta, na mpango ukavunjika kabla haujatekelezwa. Hofu ilikuwa imeshafanya kazi. Katika wiki chache, Rockefeller alinunua viwanda 22 kati ya 26 vya washindani wake mjini Cleveland.

Ida Tarbell alikuwa na miaka 14 wakati huo. Baba yake alikuwa mtengenezaji wa matangi ya mbao ya mafuta, na msichana aliona majirani wakifilisika. Alipokuwa mwandishi alichambua nyaraka za mahakama na za serikali, akachapisha historia ya Standard Oil katika jarida la McClure's kuanzia 1902 hadi 1904. Mwaka 1911 Mahakama ya Juu ya Marekani iliivunja kampuni hiyo kuwa kampuni 34. Hisa za Rockefeller zilipanda bei, akawa tajiri zaidi.

Sehemu ya mali hiyo ilifika hata kwetu Afrika Mashariki. Taasisi ya utafiti wa homa ya manjano ya Entebbe, Uganda, ilianzishwa mwaka 1936 kwa fedha za Wakfu wa Rockefeller, na kazi yake imewafaa wengi. Hilo lisikanwe. Lakini wenye viwanda waliouza kwa hofu kule Cleveland hawakuhitaji sadaka ya mtu. Walistahili kutozwa nauli ileile ya reli aliyotozwa Rockefeller.