Safu ya Lugha: Ada si Kanuni

Vijana wachezao michezo ya video mtandaoni huita “kanuni” kila wanalotenda wachezaji, ilhali kanuni, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, ni amri ya mwenye mamlaka, na aivunjaye huadhibiwa. Katika StarCraft, mchezo uliotoka mwaka 1998, mchezaji aonaye kuwa jeshi lake limekwisha huandika “gg”, yaani mchezo umekuwa mzuri, kisha hutoka. Na mshindi akitangulia kuziandika herufi hizo, huhesabiwa kuwa hana adabu, ingawa programu haimzuii wala haimwadhibu. Hiyo ni ada, neno lisilostahili kuachiwa malipo ya shule peke yake. Desturi nayo yafaa. Mila, irithiwayo na vizazi, haifai hapa. Enyi waandishi wa michezo, irudisheni ada mahali pake.