Leza ya Macho: Maswali 9 Msee wa Port Victoria Anafaa Kuuliza Kabla Atoe Doo

Kama unaishi Port Victoria, unajua macho ndio kazi. Macho ndio yanaona wimbi kabla ligonge boti. Macho ndio yanashona neti ikiraruka, na ndio yanapeleka boda hadi Busia na lile vumbi lote la njia. Kwa hivyo stori ya leza ikiingia pale Marenga beach, kila mtu ana yake. Mmoja atakwambia inachoma jicho. Mwingine ataapa kuna msee alitupa miwani siku hiyo hiyo. Wa tatu yuko tayari kuuza injini ya boti ndio mathee apelekwe Nairobi "akapigwe leza", na mathee ana mtoto wa jicho.

Huyo wa tatu ndiye ako kwa noma. Injini itaenda, nauli itaenda, na atafika huko aambiwe mathee hakuhitaji leza. Kabla uuze kitu, chanuka na haya maswali.

1. Kwani leza ni moja?

Zii. Watu husema "leza" ka kwamba ni dawa moja ya macho yote, lakini kuna aina tofauti za shida tofauti. Zenye utasikia sana ni hizi nne:

- Leza ya kuacha miwani. Hii ndio LASIK, na ndugu yake PRK. Inachonga konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho, ndio mwangaza utue mahali panafaa. Ni ya mtu ambaye jicho lake ni zima ila halioni mbali au karibu vizuri bila miwani.
- Leza ya presha ya macho, ile daktari huita glakoma. Inasaidia maji ya ndani ya jicho yatoke ndio presha ishuke.
- Leza ya wenye sukari. Sukari ikiharibu mishipa midogo nyuma ya jicho, leza inazuia uharibifu usiendelee.
- Leza ya baada ya operesheni ya mtoto wa jicho. Kuna watu hutolewa mtoto wa jicho, wanaona fiti, halafu baada ya miezi au miaka ukungu unarudi. Ni kile kiwambo kilicho nyuma ya lenzi mpya kimechafuka. Leza inakitoboa dirisha dogo, dakika chache tu, na unarudi home siku hiyo.

Mtoto wa jicho mwenyewe je? Dawa yake ni operesheni: lenzi iliyochafuka inatolewa, ya plastiki inawekwa. Kuna hospitali kubwa duniani hutumia leza kusaidia hatua kadhaa, lakini si lazima, na bila hiyo leza mgonjwa anaona vizuri tu. Na ile nyama huota kwenye weupe wa jicho kwa wavuvi na watu wa boda sababu ya jua, upepo na vumbi? Ikisumbua, hiyo pia ni operesheni ndogo. LASIK haiitoi.

Kwa hivyo swali la kwanza kwa daktari si "leza ni pesa ngapi?" Ni "jicho langu lina shida gani?"

2. LASIK huuma?

Hakuna sindano kwa jicho. Unawekewa matone ya kufa ganzi, unakuwa macho, na daktari anakuongelesha. Kwanza anafungua utando mwembamba juu ya konea ka kifuniko, leza inachonga chini yake, halafu kifuniko kinarudishwa. Leza yenyewe kwa kawaida haipiti dakika moja kwa kila jicho. Kile utasikia ni kubanwa kidogo na kaharufu ka kitu kimeungua. Jicho haliungui. Ni harufu ya tishu ikigeuka mvuke.

Maumivu huja dawa ya ganzi ikiisha: jicho linawasha, linatoa machozi, ka una mchanga ndani. Kwa LASIK hiyo hupungua ndani ya siku moja. Kwa PRK, ambayo haina kifuniko, tegemea siku kadhaa za kusumbuka na wiki kadhaa kabla uone vizuri kabisa.

3. Na nikipepesa au nikichemua?

Kuna kachuma kanashikilia kope, so huwezi kufunga jicho. Kazi yako ni kuangalia kataa kamoja. Mashine inafuata jicho lako likisonga, na likisonga sana leza inajizima. Ukisikia chafya inakuja, sema mapema, daktari atasimamisha.

4. Naweza kuwa kipofu?

Si kitu ya majaribio ya juzi. Marekani iliidhinisha leza ya kuchonga konea mwaka wa 1995, na tangu hapo mamilioni ya watu wamefanyiwa. Kupoteza macho kabisa ni nadra sana. Lakini usikubali mtu akuambie hakuna hatari. Jicho linaweza kuingia wadudu wa maambukizi. Kifuniko kinaweza kusonga ukijisugua au ukigongwa. Konea ikiwa nyembamba tangu mwanzo, inaweza kulegea na kuchomoza miaka ikisonga. Ndio maana vipimo vya kabla ni muhimu kushinda leza yenyewe.

5. Nikiwa mvuvi wa omena, usiku itakuwaje?

Hili ndilo swali wasee wa Port hawaulizi, na ndilo linawahusu sana. Omena huvuliwa usiku, giza likiwa tele na taa zikielea juu ya maji. LASIK inaweza kukuachia duara za mwangaza kuzunguka kila taa, au mwale unaotawanyika, hasa miezi ya kwanza.

Utafiti wa FDA, ile taasisi ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa vya matibabu, uliangalia watu ambao kabla ya LASIK hawakuwa na shida ka hizo. Miezi mitatu baadaye, hadi 46% walikuwa wameona angalau moja. Hadi 30% ya wale hawakuwa na macho makavu walianza kuyasikia. Wengi walikuwa wameridhika na macho yao bado, na chini ya 1% ndio walishindwa kufanya shughuli za kawaida au walipata tabu kubwa. Lakini hao hawakuhojiwa wakiwa kwa boti saa nane usiku. Mwambie daktari wazi: "Mimi hufanya kazi usiku, na taa mbele ya macho." Wa boda wa usiku, we pia sema.

6. Nani hafai?

Daktari mzuri atakukataza LASIK ka:

- hujafika miaka 18, au namba za miwani yako bado zinabadilika kila mwaka;
- una mimba au unanyonyesha;
- konea yako ni nyembamba au imechomoza;
- macho yako ni makavu sana;
- una ugonjwa wa mwili unaochelewesha kidonda kupona, ka sukari isiyodhibitiwa.

Ukikatazwa usihame hospitali hadi upate wa kukubali. Huyo amekuokolea jicho na ganji. Na ka unavaa lenzi za ndani ya jicho, utaambiwa uziache kwa muda kabla ya kupimwa, maana zinabadilisha umbo la konea.

7. Nina miaka 45 na siwezi kuona tundu la neti. Leza itanitoa hapo?

Pole pole hapo. Baada ya miaka 40 lenzi ya ndani inakauka na kukosa kunyumbuka. Ni uzee tu, kila mtu anaupata, hata aliyefanyiwa LASIK akiwa na 25. LASIK ya kawaida haiuzuii. Kwa mama anachagua omena au mzee anashona neti, miwani ya kusomea hufanya ile kazi, kwa bei ambayo haiwezi kukuuzisha injini.

8. Nitarudi ziwani lini?

Usijidanganye ni kesho. Siku ya kwanza huendeshi chochote. Siku inayofuata lazima daktari akuangalie, so ka umeenda Nairobi au Kampala, panga pa kulala. Maji ya ziwa yana vijidudu ambavyo konea yenye kidonda haiwezi, kwa hivyo kuogelea ni angalau wiki mbili, na daktari wako anaweza kuongeza. Moshi wa jikoni na vumbi pia kaa nazo mbali. Usiku unavaa kinga ya macho ndio usijisugue ukilala.

Trick ni hii: uvuvi wa omena hufungwa Aprili hadi Julai. Ka daktari amekupitisha, huo ndio msimu wa kupona bila kukosa mapato.

Ukiona maumivu yanaongezeka, jicho linazidi kuwa jekundu, linatoa usaha, au uoni unashuka, rudi hospitali siku hiyo hiyo. Usiweke mitishamba wala maziwa ya mama. Na usinunue matone ya jirani dukani: mengine yana steroidi, na ukiyatumia kiholela yanapandisha presha ya jicho.

9. Ni leza gani basi inafaa kukimbiliwa?

Hapa ndio wengi huchelewa. LASIK inaweza kungoja. Presha ya macho haingoji. Inakula uoni kutoka kando, bila maumivu, na kile kimepotea hakirudi, uwe na pesa ya Nairobi au ya India. Waafrika tuko kwa hatari zaidi, na ka mzazi au ndugu yako anayo, wewe pia uko kwa laini.

Good news ni kwamba leza yake imejaribiwa hapa hapa kwetu. Huko KCMC, Moshi, Tanzania, madaktari walilinganisha leza na matone ya timolo kwa wagonjwa 201, na matokeo yakachapishwa 2021. Baada ya mwaka mmoja, leza ilikuwa imefaulu kwa 61% ya macho, matone kwa 31%. Matone ni ya kila siku, na yakiisha huko ndani Bunyala si kila wiki utapata nauli ya kuyafuata. Leza hairudishi uoni, wengine huirudia, na bado unahitaji kuangaliwa. Lakini muulize daktari ka inakufaa.

Mwenye sukari naye asingoje hadi macho yaanze ukungu. Apimwe nyuma ya jicho kila mwaka, hata akiona fiti.

Sasa uanzie wapi?

Anzia hospitali ya Port Victoria au ya rufaa ya kaunti pale Busia, upimwe na upewe barua. Ka ni mtoto wa jicho au presha, huhitaji kufika Nairobi kwanza: kuna Sabatia Eye Hospital kule Vihiga, na ukivuka Malaba kuna Benedictine Eye Hospital pale Tororo. Piga simu uulize mashine gani iko na inafanya kazi. LASIK ndio itakupeleka Nairobi au Kampala.

Kuhusu doo, usichezwe na bei ya bango. Uliza: ni ya jicho moja au mawili? Vipimo, dawa na kurudi kliniki viko ndani? Ikihitajika kurudiwa, nani analipa? SHA wanasema nini juu ya hii? Ongeza nauli, malazi, na siku ambazo hutaingiza kitu.

Ukishapiga hiyo hesabu na daktari amesema jicho lako linafaa, nenda bila uoga. Lakini ka hujapimwa, injini ya boti ikae pale pale. Mpeleke mathee apimwe kwanza.